Nusu Lita

Nilizaliwa Sikonge, mwezi wa kurina,
nyumba ikiwa na majina mawili na mtoto mmoja.

Baba, Mlekwa, alitoka porini siku ya nne,
shati linanuka moshi wa kienge,
kope moja imevimba.
Akanisikiliza nikilia, sauti nyembamba isiyokata,
akasema: huyu ni Nzuki.
Akaenda kunawa.

Mama akasema: mwanangu haitwi mdudu.
Yeye alikwisha chagua mimba ikiwa ya miezi mitano,
benchi la tatu, upande wa wanawake,
kwa Wamoraviani,
siku liliposomwa somo la mwanamke
aliyekaa chini ya mtende akiamua kesi za watu,
na wanaume wakanyamaza.
Mchungaji akaandika Debora.
Maji yakamwagwa juu ya Debora.
Baba siku hiyo yu juu ya muyombo, anatundika mzinga.

Basi nikakua na milango miwili ya kuitikia.
Debora, lete chumvi. Nzuki, lete kamba.
Nikiitwa Nzuki, mama anafunika chungu kwa kishindo.
Nikiitwa Debora, baba anakohoa.
Nikajifunza kuitika abee moja ndefu
isiyoegemea upande.

Shuleni wakaniimba, Debora wa Tabora,
wakirukia kamba.
Mwalimu wa jiografia alisema Tabora, kwa wanavyosimulia, ni matobolwa,
viazi vilivyochemshwa vikaanikwa juani.
Nikaona wivu: hata mji una asili yake,
tena ya kuliwa.
Nikamwuliza mama, Debora maana yake nini?
Akasema: maana yake usikae kizembe.

Baba alikufa kiangazi, sasa miaka tisa.
Si kwa kuumwa, si kwa kuanguka mtini;
shinikizo la damu, kitandani, viatu vyake vya porini mlangoni.
Akaniachia mizinga arobaini na mmoja
na jina ambalo hakuna tena wa kuniita.

Mwezi uliopita, kibandani kwangu karibu na stendi,
akaja kijana wa chuo cha uchungaji, Ezroni,
miwani imefungwa kwa waya.
Nusu lita.
Nikamwandikia stakabadhi. Akaisoma. Akacheka
mpaka akaitua chupa chini.
"Debora, muuza asali! Jina lako unalijua?"
Nikadhani ni ile kamba ya shuleni imenifuata.
"Ni Kiebrania," akasema. "Devora. Nyuki.
Tena herufi zake ni tatu tu zenye mzizi,
d, b, r;
ukizipitishia pumzi nyingine, zinakuwa 'neno'."
Nikahesabu chenji yake mara tatu,
ikakosea mara tatu.

Miaka thelathini na sita.
Chungu. Kikohozi. Chungu.
Usiku ule wa fomu ya darasa la kwanza,
baba alipolala ghalani na magunia ya nta.
Mmoja kwenye mlango wa mbele, mmoja wa uani,
wakimwita mdudu yuleyule.

Nilifunga kibanda saa nane.
Mama yuko barazani anachambua karanga,
sikio lake la kushoto lilishastaafu.
Nikainama kwenye la kulia: Debora ni nzuki.
"Nini?"
Nzuki, mama. Jina ulilolichagua wewe.
Ni lilelile.

Vidole vikasimama ndani ya ungo.
Kuku akaja, akadonoa mbili, akadonoa ya tatu,
hakufukuzwa.
Nilitegemea acheke. Nilitegemea hata alie.
Akaitazama njia ya porini,
ile inayopitwa na mimi peke yangu siku hizi,
akaitazama kama mtu anayesikia baiskeli ikija,
kisha akanikamata kifundo cha mkono,
akakibana.

"Baba yako," akasema,
"usimwambie."